Feza, avansi yako sijailipa

Lubumbashi, Kamalondo

Kwako dada Feza,

Jambo sana. Jambo kwa Tata Monga, jambo kwa watoto wote, na umwambie Ilunga mdogo viatu vyake vya mpira nimevipata, vitakuja na mtu wa kwanza anayepanda Kolwezi. Sisi huku tuko salama. Baridi imeanza kutoka, sasa ni vumbi. Mama bado anakohoa usiku lakini bukari yake anaimaliza, basi tunashukuru.

Najua unangoja neno moja tu, kwa hiyo nalisema mapema: pesa yako ninayo, yote, na ile avansi, malipo ya mwanzo ya kuondolewa nywele za kidevuni kwa leza kule saluni, sijailipa. Usikasirike kabla hujafika mwisho. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu utanikatiza, na haya mambo ni marefu.

Nilienda kule saluni kama ulivyonituma. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti na maji. Kabla ya kutoa pesa nikaomba kuiona mashine. Msichana akanifungulia chumba, akaiwasha. Kichwa chake kina kioo cha pembe nne, upana wa vidole viwili hivi. Akabonyeza, ukatoka mwako mweupe uliojaa chumba kizima. Nikamuuliza ni leza ya aina gani. Akajibu: "Ni leza ya Ulaya, mama." Nikamuuliza mwanga wake ni wa nanometa ngapi, yaani wimbi lake lina urefu gani. Akasema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo. Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja, ya yeye anayebonyeza. Mteja anafunikwa taulo usoni.

Feza, ile si leza. Ni mashine ya mwako, ile wanayoiita IPL. Leza hutoa mwanga wa urefu mmoja wa wimbi. Ile ya mwako inamwaga mawimbi mengi kwa pamoja, mengine mafupi mafupi, na hayo mafupi ndiyo yanaichoma ngozi nyeusi. Watu wanaziuza zote kwa jina la leza, na ngozi yako ndiyo inalipa tofauti.

Unamkumbuka Mwadi wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, binamu yake Clarisse? Alifanyiwa mwaka jana, mahali pengine kabisa, na mashine ya aina hiyohiyo. Nilikaa naye Jumapili akanionyesha miguu. Madoa ya pembe nne, yamepangana safu kutoka gotini hadi kwenye kifundo, kipimo cha kile kioo kabisa. Mengine meusi kuliko ngozi yake, mengine yamepauka. Na katikati ya doa na doa nywele zimeota kama kawaida. Sasa havai tena sketi fupi, yule Mwadi tuliyemjua! Nikimfikiria nawaza kwamba wewe unataka kuweka kioo hicho usoni.

Sasa nikueleze namna inavyofanya kazi, maana ukilijua hili hakuna atakayekudanganya tena. Mwanga wenyewe hauujui unywele. Unachokitafuta ni rangi, ile melanini inayoufanya unywele kuwa mweusi. Rangi inaunywa mwanga, mwanga unageuka joto, joto linateremka hadi kwenye shina na kuliunguza. Wazo hilo, kwamba unaweza kuchagua mwanga unaopiga kitu kimoja na kuacha jirani yake, waliliandika madaktari wawili wa Marekani, Anderson na Parrish, mwaka 1983. Lakini melanini hiyohiyo iko kwenye ngozi yetu pia. Nguo nyeusi na nguo nyeupe ukizianika kwenye jua la Oktoba, unajua ipi itakuwa ya moto ukiigusa. Mashine isiyotofautisha inaichoma ngozi kabla haijaufikia unywele.

Hapo ndipo wengi wanarukia upande wa pili. Mama mkwe wako, ulivyoniandikia, anasema leza ni ya wazungu na mtu mweusi hawezi. Hapana. Ilikuwa karibu kweli kwa mashine za kwanza za miaka ya tisini, ile ya rubi ya nanometa 694 hasa. Lakini ipo leza inayoitwa Nd:YAG, ya nanometa 1064. Wimbi lake ni refu, linapita kwenye rangi ya juu ya ngozi bila kunyonywa sana, linaingia ndani hadi kwenye shina. Hiyo ndiyo madaktari wa ngozi wanaitumia kwa watu wa rangi yetu, hata kwa wanaume wenye vipele vya wembe shingoni, wale ambao nywele zao zinajipinda na kurudi ndani ya ngozi. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie huwezi, na usikubali mtu akuambie mashine yoyote inafaa. Uliza 1064. Uliza nani anaishika. Uliza kama atajaribu kwanza mahali padogo, chini ya taya, na kungoja siku kadhaa aone ngozi inasemaje. Asiyetaka kujaribu, mwache.

Halafu hili la "mara moja inatosha". Yule msichana aliniambia hivyo bila haya, na naona ndilo lililokuvuta, kwa sababu ya safari na nauli. Nywele hazioti zote kwa zamu moja. Nyingine zinakua, nyingine zimepumzika, nyingine zinajiandaa kuanguka. Leza inaiweza ile inayokua tu, iliyoshikamana na shina lake. Ndiyo maana watu wanarudi mara sita, mara nane, kila baada ya wiki nne hadi nane kufuatana na sehemu ya mwili. Usoni ni karibu karibu zaidi. Sasa piga hesabu: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, kwenda na kurudi, mara nane. Na baada ya hapo bado nyingine zinarudi, nyembamba na chache, unahitaji kugusiwa tena mara moja moja. Hata kule Marekani, wakaguzi wa serikali, FDA, wanawaruhusu watengenezaji kusema "kupunguza kwa kudumu". Neno la kuondoa kabisa hawakuwapa. Kinachotambulika kuwa kinaondoa kabisa ni sindano ya umeme, unywele mmoja mmoja, kazi ya uvumilivu iliyoanzishwa na daktari wa macho mwaka 1875 kwa ajili ya kope zinazoota kuelekea ndani.

Mwambie Mama Kabedi asijihangaishe kukusindikiza, au asindikize kwa mapenzi tu. Ndevu zake zimeshakuwa nyeupe, na unywele mweupe hauna rangi ya kunywa mwanga. Atalipa bure.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi kuliko mashine yenyewe. Uliniandikia kwamba zimeanza kuota kidevuni tangu mwaka juzi, ngumu, na sasa zinashuka shingoni. Na katika barua hiyohiyo, mstari mmoja tu, ukasema miezi mingine hedhi haiji. Ukapita kama jambo la kawaida. Feza, nilipokuwa staji, nikijifunza kazi kwenye kitengo cha ngozi, wanawake wenye maneno hayo mawili kwa pamoja daktari hakuwa anawaachia waende bila kuwapima homoni. Kuna hali inayovuruga ovari, inawapata karibu mwanamke mmoja kati ya kumi, na wengi hawajui kwamba wanayo. Nywele za kidevuni ni ishara yake. Leza itaunguza mashina ya leo na homoni zitaamsha mengine kesho, utaendelea kulipa na kulia. Na hiyo hali ina mambo mengine nyuma yake, sukari kupanda, kuchelewa kupata mimba. Uliniambia mnataka mtoto mwingine. Sikutishi. Ina dawa, ina njia za kuituliza, lakini lazima ijulikane.

Na ile pomadi. Nalisema kwa sababu nakupenda, na kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Ile ya kung'arisha uliyoanza kuipaka kabla ya harusi ya Joëlle, nyingi za aina hiyo zina dawa kali za kotizoni, hata kama kwenye boksi hazikuandikwa. Kotizoni ikipakwa usoni kila siku inakondesha ngozi, na yenyewe inaweza kuotesha nywele pale pale inapopakwa. Nimewaza sana kama si hiyo. Labda ndiyo, labda ni homoni, labda ni vyote. Ila ngozi iliyokonda kwa pomadi ukiipelekea mwako ule... siwezi hata kumalizia.

Usiiache kwa siku moja lakini, maana ikikatwa ghafla uso unaweza kuvimba na kuwasha. Onyesha daktari boksi lenyewe, akuambie namna ya kushuka polepole.

Lingine nisilisahau. Clarisse alikuambia ujipake krimu ya ganzi na kujizungushia plastiki kabla ya kwenda, usisikie maumivu. Nakusihi, hapana! Mwaka 2007 FDA ilitoa onyo baada ya wasichana wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa 25, kufanya hivyohivyo. Ganzi iliingia kwenye damu, wakapata degedege, wakazimia, wakafa. Kwa sababu ya nywele za miguu. Maumivu ya leza yapo lakini yanavumilika, ni kuchomeka kwa sekunde moja, kisha yanapita.

Kuhusu saratani umwondoe Tata Monga wasiwasi. Mwanga huu si eksirei. Nafikiri hofu ya watu ina chanzo: miaka ya 1920 huko Marekani saluni zilikuwa kweli zinawamulika wanawake kwa eksirei waondoe ndevu, na baadaye wengi wakapata saratani. Hiyo ilikuwa mionzi. Leza ni mwanga, unachoma lakini hauna mionzi ya namna hiyo. Na haiharibu kizazi, haiingii ndani hivyo. Ukiwa mja mzito tu ndipo wanakuambia ungoje.

Sasa kwa muda huu ufanye nini? Weka pensi chini, kile kibanio cha kung'olea nywele. Najua unakaa nayo mbele ya kioo asubuhi ukivuta moja moja, na hivyo vipele na madoa uliyonionyesha kwenye picha vinatoka hapo, si kwenye nywele zenyewe. Nyoa, dada. Nyoa kwa wembe mpya, ngozi ikiwa na maji ya uvuguvugu, kufuata upande nywele zinapolalia. Ninasikia sauti yako: "zitaota nene kama za mwanaume." Hilo lilishapimwa zamani sana, mwaka 1928, mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter, aliwafuata wanaume wanaonyoa akapima nywele zao, na wembe haukubadilisha unene wala kasi. Zinahisiwa ngumu kwa sababu ncha imekatwa bapa. Tena hata siku ukipata leza ya kweli watakutaka uje umenyoa, hujang'oa, kwa sababu ukiung'oa unywele umeondoa kile mwanga unachokitafuta.

Pendekezo langu ni hili. Njoo Lubumbashi, nauli ile ile, ulale kwangu. Kwa pesa ya avansi tuone kwanza daktari wa ngozi niliyefanya naye staji, nimeshamweleza bila kutaja jina lako, amesema uje na pomadi zako zote ndani ya mfuko. Atakuandikia kipimo cha damu na ekografi, ile picha ya kuangalia ovari ndani. Kama ni homoni tunaanza hapo. Baadaye, ukibaki unataka leza, amesema atanisaidia kujua ni wapi panatumika 1064 ya kweli, iwe hapa au ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, na mimi nitaongeza kitu kidogo mwisho wa mwezi. Sikuzuii kutaka uso laini. Una haki ya kuutaka, na wanaokuambia ni anasa hawajawahi kufunga kitambaa hadi kidevuni kwenye joto la soko lako.

Niambie basi: hedhi ya mwisho ilikuja lini? Umeongezeka uzito tangu mwaka juzi? Kwa mama yako au shangazi zako kuna aliyekuwa na ndevu? Pomadi unaipaka mara ngapi kwa siku, na unaichanganya na nini? Kuna dawa nyingine unayomeza, ya chunusi labda, au ile doxycycline waliyokupa? Hizo nyingine zinaifanya ngozi iogope mwanga. Tata Monga anajua, au bado unajificha ukiamka kabla yake? Mbona hukuniambia mapema? Na Joëlle alijifungua?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Yule msichana wa saluni ananipigia kila asubuhi kuuliza kama bado unataka nafasi yako, na nimemwambia nitampa jibu siku hiyo.

Ni mimi ndugu yako,
Ngosa