Hiyo bahari ya wapi? Barua kwa ndugu yangu aliyeko Doha

Ndugu yangu, mtoto wa ami,

Assalaam alaykum. Uliponipigia simu usiku ule, siku ya tatu baada ya maziko, uliniambia neno ambalo halijanitoka: machozi hayaji. Ulisema umekaa kitandani katika chumba mnacholala watu sita, unatazama ukuta, na hupati hata tone. Babako alifariki alfajiri, tukamzika baada ya adhuhuri, na saa hiyo wewe ulikuwa bado unatafuta wa kumwomba ruhusa. Sikuwa na jibu. Nikakwambia subira, kama alivyokwambia kila mtu, tukaagana.

Miezi miwili sasa nalala na neno lako naamka nalo. Naliandika hapa mbele ya watu kwa sababu najua si wewe peke yako. Katika mitaa hii yetu ya Lamu, kutoka Mkomani hadi Langoni, ni nyumba chache zisizo na mtu wake Doha, Jeddah au Muscat, na wengi wao wamezikiwa wazazi bila kuwepo. Ninachotaka kukupa ni muziki. Tafadhali usiifunge barua. Ni ule ule muziki uliokuwa ukiniambia niuzime: "Toa hizo kelele za wazungu, tuwekee Zein."

Bendi inaitwa Camel, yaani ngamia. Ilianza mwaka 1971 huko Guildford, kusini mwa Uingereza, watu wanne: Andrew Latimer kwenye gita, Peter Bardens kwenye kinanda, Doug Ferguson kwenye gita la besi, na Andy Ward kwenye dramu. Muziki wao ni ule unaoitwa roki ya progresivu. Wimbo unaweza kufika dakika 10 na zaidi, ukabadili mwendo mara nne njiani, na mara nyingi albamu nzima inasimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama utenzi. Wapenzi wa muziki huu wakianza kuhesabu, watakutajia Pink Floyd, Genesis, Yes. Camel hutajwa wengine wakishamalizwa, tena kama mtu amekumbuka. Mimi naona wamedhulumiwa, na nitalisema hilo popote. Genesis walikuwa na Peter Gabriel aliyepanda jukwaani na mavazi ya ajabu, watu wakaja kutazama. Camel walisimama wakapiga, basi. Sauti ya Latimer ni ndogo, ya mtu anayezungumza na wewe barazani usiku watoto wamelala. Aliyezoea waimbaji wa kupasua paa hupita bila kuisikia.

Mwaka 1975 walitoa albamu nzima isiyo na shairi hata moja, The Snow Goose, waliyoijenga juu ya hadithi ya mwandishi Paul Gallico kuhusu bata bukini aliyejeruhiwa. Oktoba mwaka huo waliipiga yote pamoja na okestra ya London Symphony katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Hapo ndipo uliponikatiza siku moja, ukauliza wimbo gani huo usio na maneno. Ndugu yangu, na bashraf je? Taarab ya wazee ilifunguliwa na bashraf, ala zikazungumza peke yake, watu wakatulia, na hakuna aliyeuliza maneno yako wapi. Zein l'Abdin, mpiga udi wa taarab, mwana wa Lamu, unayempenda kuliko chakula, alikuwa akiugusa uzi wa udi kisha anauacha ufe wenyewe kabla ya kugusa mwingine. Kimya kile cha katikati ndicho babako alichokuwa akikisikiliza kwa kufumba macho. Latimer anakijua kimya kile. Kuna wimbo wao wa mwaka 1979 uitwao Ice, mrefu, hauna neno, na gita lake linaingia mle kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye msiba: polepole, kwa adabu, halafu akishakaa ndipo analia. Nimeusikiliza pengine mara mia mbili. Bado hunishika pale pale.

Nilivyowajua ni hivi, na wewe umo ndani yake. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wageni kule Shela. Mgeni mmoja aliyekaa wiki tatu alipoondoka aliniachia CD moja. Juu yake kulikuwa na neno moja: Rajaz. Nikasimama nayo mkononi. Rajaz! Unakumbuka? Mwalimu alivyotufundisha zile bahari 16, yaani mizani, za ushairi wa Kiarabu, sisi tumekaa mkekani, wewe kulia kwangu, tunapiga vidole gotini: mustafilun, mustafilun, mustafilun. Alitueleza kwamba Waarabu wa kale walisema mwendo wa rajaz umetoka kwenye hatua za ngamia, na waongoza misafara waliuimba njia nzima ili mnyama na mtu wasichoke. Na hawa Waingereza, ambao bendi yao ina jina la ngamia, mwaka 1999 walilitafuta neno hilo wakalifanya jina la albamu. Niliiweka usiku ule ule. Wimbo wenye jina hilo unatembea. Hauendi mbio wala haulali, unatembea tu, na chelo ya Barry Phillips, ile fidla kubwa ya sauti nzito, imeutia uzito wa mtu mwenye safari ndefu. Nilijikuta napiga vidole gotini.

Kutoka hapo nikaanza kuzitafuta nyingine, moja moja, kwa shida, enzi zile intaneti ya Lamu inakuja na kuondoka kama maji ya bamvua. Nikagundua kwamba Latimer, miaka yote, alikuwa akirudia jambo moja. Albamu ya 1981, Nude, inatokana na kisa cha kweli cha Hiroo Onoda, askari wa Kijapani aliyebaki katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, miaka 29 baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha, akatoka 1974. Ya 1984 inazunguka Berlin iliyokatwa kwa ukuta, na wimbo wake wa kufungia unaitwa Long Goodbyes, kuagana kwa muda mrefu. Ya 1991 ni ya wakulima wa Marekani waliofukuzwa na vumbi wakaelekea California. Mtu aliyeachwa mahali, mtu aliyeondoka mahali. Lakini hizo utazisikiliza siku nyingine, ukipenda. Leo nataka usikilize moja.

Inaitwa Harbour of Tears, ya mwaka 1996. Bandari ya machozi. Jina hilo ni la bandari ya Cobh, kusini mwa Ayalandi. Kuanzia mwaka 1848 hadi 1950, zaidi ya watu milioni 2.5 walipanda meli hapo wakaenda zao, wengi Marekani, wengi hawakurudi kamwe. Njaa iliwatoa, na baada ya njaa ikawa ni kazi, na baada ya kazi ikawa ni desturi: kijana akifikisha umri, anaondoka. Unaona ninakokwenda. Albamu inafuata ukoo mmoja uliotawanywa hivyo.

Inaanza na sauti ya mwanamke, Mae McKenna, peke yake, bila ala. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona gati yetu. Nilimwona mamako siku ile unaondoka, amesimama nyuma ya wanaume, buibui amelivuta hadi puani. Ilikuwa kabla ya jua, boti ya Mokowe imeshajaa, hamali anagombana na mtu kuhusu gunia, na wewe unacheka sana, unacheka kupita kiasi. Nilijua kwa nini. Boti ilipoondoka watu walitawanyika, maana kila mtu ana shughuli zake. Ami, babako, alibaki. Hukumwona, ulikuwa umegeuka mbele. Alisimama pale mpaka boti ikapotea nyuma ya mikoko, halafu akakaa juu ya kamba zilizoviringishwa, akaanza kuzichunguza kamba zile kama fundi aliyeletewa kazi. Mimi nilikaa kando yake. Hakusema kitu. Alipoinuka jua lilikuwa limeshapanda, akaenda zake Matondoni kukalafati mashua ya watu.

Kuna wimbo mle uitwao Send Home the Slates. Slates ni vigae vya mawe vya kuezekea nyumba. Jina peke yake lilinitosha: leteni vigae nyumbani. Ulipotuma pesa za kwanza, babako hakununua kitu kingine kabla ya kuezua makuti ya kile chumba cha juu. Alisimamia kazi mwenyewe, kila boriti aliigonga kwa kidole. Kisha akasema chumba hicho asilale mtu, ni chako. Hadi leo hakulali mtu. Kuna na wimbo mwingine wa mwanamke kiwandani anayetazama nyuzi zikizunguka mashineni siku nenda siku rudi, na nikiusikiliza namfikiria dada yetu aliyeko Jeddah, ambaye tukimuuliza kazi ikoje hujibu, "Alhamdulillahi," halafu anauliza bei ya samaki.

Maneno mengi ya nyimbo hizi yameandikwa na Susan Hoover, mke wa Latimer, na ni maneno ya kawaida kabisa. Hakuna anayelaani serikali wala anayejigamba kwa shida. Ndiyo maana yanakata. Nimesoma watu wakisema albamu hii ni laini mno, kwamba Camel wa miaka ya sabini walikuwa na nguvu zaidi. Huenda ni kweli kwa anayetafuta dramu. Mimi naona mtu aliyezipiga nyimbo hizi alikuwa tayari amezika, na aliyezika hapigi kwa nguvu. Wimbo wa mwisho unaitwa The Hour Candle, na una jina la pili chini yake: wimbo kwa ajili ya baba yangu. Hauna maneno. Ni gita. Linapanda taratibu, linarudi, linapanda tena mahali pale pale kama mtu anayetaka kusema kitu na hajapata mwanzo, halafu linapata. Ukifika hapo, ndugu yangu, uwe peke yako. Subiri wenzako wa zamu ya usiku watoke.

Latimer mwenyewe amepita kwenye mengi. Bardens, mwenzake wa tangu siku ya kwanza, alifariki Januari 2002, na albamu iliyotoka mwaka huo walimtunukia yeye. Mwaka 2007 watu wakaambiwa kwamba Latimer alikuwa akiugua ugonjwa wa damu kwa miaka mingi na maradhi yamezidi, akapandikizwa uboho. Wengi tulidhani ndiyo basi. Mwaka 2013 akarudi jukwaani na The Snow Goose ile ile. Nilizitazama picha za maonyesho yale kwenye simu, mzee amekonda, na vidole vinangoja kama zamani kabla ya kugusa uzi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikukwambia kwenye simu, kwa sababu wakati ule sauti yangu isingeweza.

Ilikuwa Julai, kusi imekaza, mashua nyingi hazitoki. Ami alikuwa ameshaacha kwenda Matondoni. Baada ya Isha tulimtoa nje, akakaa darini kwa kuegemea mto, apate upepo. Nilikuwa na hedifoni zangu, nasikiliza wimbo huo wa mwisho, naye akanyoosha mkono tu bila kuuliza. Nikampa upande mmoja, nikabaki na mwingine. Nilidhani ataitoa. Alifumba macho, kama alivyokuwa akimsikiliza Zein. Gita lilipomaliza nikataka kuzima, akanishika mkono, maana muziki ukishakwisha mle inabaki sauti ya bahari. Mawimbi matupu, zaidi ya dakika 10. Tukakaa na mawimbi yale sikio moja, na upepo wa Lamu sikio la pili.

Akaniuliza, "Hiyo bahari ya wapi?"

Nikamwambia ni ya watu waliosafiri, wakaacha wazee wao nyuma.

Akasikiliza tena. "Huko aliko nduguyo kuna bahari?"

Nikamwambia ipo, ami, Doha iko pwani.

"Basi," akasema. Hakutoa hedifoni mpaka sauti ikakatika yenyewe. Kisha akaifuta kwa ncha ya kikoi, akanirudishia, akasema, "Na yeye umwekee."

Nimekutumia usiku huu. Iko kwenye simu yako.