Chumba chenu cha Bombo kisigeuke ghala

Kampala

Dada yangu mpendwa,

Salaamu nyingi kwako, kwa bibi na kwa majirani wote. Barua yako imefika. Kwa hiyo chumba chenu cha makumbusho ya Wanubi wa Bombo kimepakwa rangi, vitu vimepangwa, juma la kwanza watu walijaa, na sasa mlinzi anasinzia mlangoni peke yake. Unauliza kama mchapishe mabango. Hela hiyo iweke kwanza.

Watu hawarudi kwa kuwa walichokuja kukiona wamekwisha kukiona, tena nyuma ya kioo tu. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa 1908, yalipokuwa kilimani Old Kampala watu waliyaita Enyumba y'Amayembe, nyumba ya hirizi, na wengi hawakutaka kuyakaribia. Kilichovuta watu baadaye ni muziki. Klaus Wachsmann alipokuwa msimamizi, alimwajiri Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na ala zikapigwa badala ya kutundikwa tu. Hata leo, katika jengo la Kitante la 1954, uliza mtu alichokiona: atakutajia ngoma.

Nanyi mna tabaga, zile sinia za Kinubi zinazofumwa kwa rangi. Toa mbili zilizofumwa majuzi, ziweke mezani zishikwe, zigeuzwe, zinuswe. Za zamani zibaki kabatini. Kisha mwombe bibi mmoja akae pale kila Ijumaa baada ya swala, saa nane hadi saa kumi, akianza tabaga jipya mbele ya watu. Mlipe, asiye na malipo atakuja mara tatu tu. Kitovu cha tabaga ndipo penye kazi: hapo fundi huonekana, na hapo mtoto hushindwa akacheka. Kundi lisizidi 15, la sivyo wa nyuma wataona migongo.

Lebo zenu ni ndefu mno. Maneno 40 yanatosha, kwa Kiswahili, Kinubi (lugha ya Wanubi) na Luganda, herufi kubwa za kusomeka bila miwani, katikati ya lebo iwe kama mita 1.4 kutoka sakafuni. Usiandike "chombo cha asili". Andika kilikuwa cha nani, kilitumika siku gani, na aliyekiazima ni nani, ikiwa mwenyewe ameridhia. Mtu akiona jina la shangazi yake ukutani, ataleta ukoo mzima bila bango.

Hapo kwenye kuazima ndipo vyumba vingi huvunjika. Mzee anatoa upanga wa babu kwa mdomo, anafariki, mwanawe anaudai, kaka mtu anasema ulitolewa moja kwa moja. Ugomvi ukifika msikitini hakuna atakayewaletea kitu tena. Andikeni karatasi mbili zinazofanana: tarehe, mwenye mali, muda (mwaka mmoja, unaongezeka kwa sahihi), hali ya kitu pamoja na kila ufa, na nani atakichukua mwenyewe akifariki. Picha mbili, rula pembeni. Kila kitu kipewe namba, kwa mfano 2025.7, yaani cha saba kupokelewa mwaka huo. Namba iandikwe kwa penseli kwenye utepe wa pamba, ufungwe kwa uzi. Msibandike gundi ya karatasi. Hukauka, ikibanduliwa hutoka na rangi.

Ule unga mweupe chini ya kinu, si vumbi. Ni bungua, mdudu anayekula mti. Kiwekeni leo hii mbali na vitu vingine, na msipulizie dawa ya mbu, huacha madoa wala haifiki ndani ya mti. Nguo na vikapu vidogo vikiwa na wadudu, vifungeni ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyozibwa, viwekeni kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mkivitoa, msifungue kwa saa 24. Unyevu hujikusanya juu ya kitu baridi, ukungu ukaanza. Ngoma msizitie friza, ngozi iliyokazwa inaweza kupasuka. Kinu hicho kikubwa niandikie vipimo vyake, tutafute njia nyingine.

Dirisha la mashariki litieni pazia zito. Rangi za tabaga hufa kwa jua na hazirudi. Kila miezi mitatu pumzisha kabati moja, toa vitu vingine. Utapata sababu mpya ya kuwaita watu, na rangi zitadumu zaidi.

Kwa shule, usimwalike mwalimu mkuu kwa barua tupu. Mtaala wa sekondari ulioanza 2020 unataka wanafunzi wafanye kazi za mradi. Mpelekee mwalimu wa historia na wa Kiswahili swali moja tayari: kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja kuhusu kitu kimoja, alete maandishi yake, nanyi mbandike bora tano ukutani kwa mwezi. Wazazi watafuata majina ya watoto wao.

Mtu akiwaletea mifupa au vigae alivyochimba shambani, msiviweke kabatini. Andikeni mahali vilipotoka, mpige simu idara ya makumbusho na mambo ya kale.

Nitakuja na utepe wa pamba mita 20, hapa mjini unapatikana kwa washonaji. Nitumie orodha ya vitu vilivyoazimwa kabla ya mwisho wa mwezi, hasa ule upanga.

Wako,
Ndugu yako wa Kampala