Chumba cha pili yuko nani?

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: kliniki binafsi ya meno inakuita kazini, tawi jipya, kiti kimoja, funguo unakabidhiwa wewe, malipo asilimia 40. Utarajali wako wa udaktari wa meno unaisha mwezi huu. Nijibu swali dogo kabla ya mengine yote. Ukishaingia kwenye hicho chumba, chumba cha pili yuko nani?

Usinijibu kwamba simu ipo. Chukua gego la juu ambalo mzizi wake wa upande wa kaakaa umekatika. Mgonjwa anakutazama, nje kwenye benchi wamekaa sita, na mkono unakwenda wenyewe kwenye eleveta, kile chuma cha kuinulia mizizi. Unasukuma kidogo tu kwenda juu, mzizi umezama kwenye sainasi, ule uwazi ulio juu ya magego. Aliyekaa kazini miaka kumi angekuwa ameshakwambia simama, piga picha. Kipande cha ncha kisichozidi milimita 2 au 3, kwenye jino lisilo na usaha, mara nyingi huachwa, mgonjwa akaambiwa ukweli na faili likaandikwa. Kilichokwisha kuzama kwenye sainasi hakichokonolewi kupitia shimo la jino. Anapewa rufaa kwa wapasuaji wa taya, na anaambiwa asipenge pua kwa nguvu. Haya yote unayajua, ulifaulu mtihani wake. Ila mtihani haukuwa na watu sita kwenye benchi.

Au ganzi. Lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Katriji, kile kichupa cha ganzi, ya mililita 1.8 ni miligramu 36, ya mililita 2.2 ni 44, na mwenye duka anakuletea iliyopo. Mtoto wa kilo 15, ukimhesabia miligramu 4.4 kwa kilo, kikomo chake ni 66: za zile ndogo hazifiki mbili, za kubwa ni moja na nusu, basi. Sasa mtoto analia, mama yake anakuhimiza, ganzi haijashika, na katriji nyingine iko pale kwenye trei. Kukiwa na mtu chumba cha pili atachungulia akuulize umeshachoma ngapi. Ndilo swali ninalotaka mtu awepo wa kukuuliza.

Na huyo mtu si lazima awe bingwa. Siku hizi neno "tabibu", sisi tulio ngazi ya chini ya daktari, unalitamka kwa sauti fulani, nimeisikia, nikanyamaza. Tabibu wa meno aliyeng'oa miaka 20 hospitali ya wilaya anatambua kwa kugusa tu kwamba jino hili halitoki kwa koleo, linataka kukatwa mizizi itoke mmoja mmoja. Hata kuziba kwa vyombo vya mkono bila mashine wala umeme, hiyo ART mliyofundishwa, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Sisi tuliachwa peke yetu vituoni, ni kweli, na tukajifunza. Usiniulize tulijifunzia vinywani mwa nani.

Mama, hebu jiulize kwa nini wanafungua tawi sasa, na kwa nini kwako. Kituo binafsi hakisajiliwi bila daktari mwenye sifa wa kukisimamia. Inawezekana wanakutaka wewe, na inawezekana wanataka leseni yako ukutani. Kama jina litakaloandikwa kwenye usajili ni lako, basi kila kitakachoharibika humo ndani Baraza la Madaktari litakuita wewe, hata siku ambayo hukuwepo na msaidizi akashika mashine. Kwenye mkataba tafuta neno "msimamizi wa kituo". Likiwepo, usisaini.

Kabla ya kuzungumza asilimia nenda ukakae pale makao yao asubuhi moja, uhesabu hendipisi, vile vishikio vya kuchongea meno. Tuseme zipo tatu na wagonjwa wa kuchongwa meno ni 20 kwa siku. Uliza otoklevu ya kuua vijidudu inawashwa mara ngapi. Wakisema mara mbili, ni hendipisi sita safi. Waliobaki 14 wanafutiwa spiriti. Angalia kama wanazitia mafuta kabla ya kuziingiza kwenye nyuzi 134, maana zikiingia kavu beringi zinakufa, na ukifika mwezi wa tatu utaambiwa umeharibu wewe. Angalia kompresa kama kuna anayemwaga maji kila jioni. Yasipomwagwa yanapanda na hewa hadi kwenye jino ulilolikausha, na kizibio cha rangi ya jino hakishiki. Kama kuna mashine ya eksirei, waombe wakuonyeshe leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Wakianza kutafutana kwa macho, umeshapata jibu.

Hiyo asilimia 40 nayo, ya nini? Ya fedha aliyolipa mgonjwa, au ya kinachobaki baada ya kutoa vifaa na gharama ya maabara? Kofia ya jino ikirudi haikai, anayelipia ya pili ni nani? Mgonjwa wa bima umemtibu mwezi huu, madai yakakatwa baadaye kwa sababu fomu imekosewa namba ya jino, wanakukata wewe au wanabeba wao? Kuna kima cha chini mwezi ambao wagonjwa hawaji? Tawi jipya huwa halina wagonjwa miezi ya mwanzo, na asilimia 40 ya kiti kitupu ni sifuri. Uliza kama wanachangia NSSF. Bodi ya mikopo nayo inakusubiri: mwajiri wa kawaida angekukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi ukasahau, lakini kwa malipo ya asilimia hakuna wa kukukata, na deni halilali. Vyeti halisi usiache kwa mtu, nakala tu.

Mimi ningeona bora hospitali ya rufaa ya mkoa, hata kwa mkataba, hata kwa kujitolea miezi sita huku unasubiri ajira zitangazwe. Halmashauri ni sawa, ila uliza swali lilelile, maana kuna hospitali za wilaya ambako daktari wa meno yuko peke yake na kiti kimeharibika. Ukiajiriwa serikalini, ukathibitishwa, ukaingizwa kwenye mpango wa mafunzo, unaweza kwenda kusoma mshahara ukiendelea. Ukiondoka bila ruhusa unasimama. Wengi hukosea hapo kwa haraka ya mwezi mmoja.

Kuhusu ubingwa, umeniambia bresi ndizo zenye hela. Sikatai. Ila zile kozi za wikiendi mbili zenye cheti cha dhahabu hazikufanyi bingwa wa kupanga meno, na usijiandike hivyo kwenye bango. Kufunga waya ni kazi ya saa moja. Kazi ni kujua nani hafungwi: mwenye fizi zinazovuja damu, asiyepiga mswaki, yule ambaye mizizi yake inaanza kufupika ukivuta kwa nguvu, na yule atakayehama mji waya zikabaki mdomoni miaka mitatu. Mimi nakuona kwenye urejeshaji wa meno, una mkono mtulivu kuliko wote niliowahi kuwaona, nami nimewaona wengi. Huku kwetu Maji ya Chai meno ya kahawia, yale ya floraidi ya maji, hayajaisha, na wanaoteseka ni vijana. Wakija kwako hapo kwenye tawi utaambiwa uwachonge uwavishe venia kumi, yale maganda ya kufunika meno ya mbele, kwa sababu ndizo zinazolipa. Kijana wa miaka 19 jino lake likichongwa halirudi, na venia atazibadilisha maisha yake yote. Kuna kusugua kwa asidi, kuna kung'arisha, kuna kuziba juu juu bila kuchonga. Mwenye asilimia 40 shingoni anasahau hizo haraka.

Uingereza sitaki kuzungumza sana. Mtihani wao wa ORE, wa madaktari wa meno waliosomea nje, una sehemu mbili, na tangu siku unayokalia ya kwanza kwa mara ya kwanza saa inahesabu: miaka mitano uwe umemaliza ya pili, ambayo ina mwanasesere wa kuchonga, mgonjwa wa kupangia matibabu, vituo vya maswali na dharura. Usianze hesabu hiyo mkono ukiwa bado mbichi.

Najua utasema baba anataka kunichagulia tena. Ile fomu ya chuo niliijaza mimi, meno nikaweka namba moja, na uhandisi wako nikauweka wa tatu. Basi. Haya mengine yachague wewe, ila hilo la chumba cha pili unijibu.

Mama yako anasema bati la jikoni linavuja upande wa magharibi, na fundi ametaka 180,000 bila misumari, nimemwambia asubiri. Ng'ombe amezaa dume. Mdogo wako karo ya muhula wa pili tumelipa nusu, kwa hiyo usitume chochote mwezi huu, lipa kodi yako ya chumba. Maparachichi nitayaweka kwenye basi la Alhamisi, yako magumu, yaviringishe kwenye gazeti. Ndani ya boksi utakuta koleo zangu za magego ya chini na eleveta mbili. Nimezinoa na kuzipaka mafuta. Zioshe na kuzipitisha kwenye otoklevu kabla hujazitumia. Ya mpini mweusi inabana kidogo kwenye kiungo, usiilazimishe.

Nipigie kabla hujasaini, huo mkataba uwe mkononi, unisomee kipengele kimoja kimoja. Nitakuwa macho hadi saa nne.

Baba yako