Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Ya fedha nitamwachia mweka hazina, ila nikumbushe tu kwamba ada hailipwi kwa salamu. Yangu mimi ni ile safari.

Kamati iliona ni aibu kuishi New Brunswick, jimbo hili la Kanada, bila kuijua, tukaanzia Gagetown, kijiji kidogo kando ya mto Saint John. Wenyeji wa asili huuita Wolastoq, mto mzuri. Nimetembea vijiji vingi, lakini sijaona kimoja kilichopokonywa na kupewa majina namna hii, na karibu kila jina lilikuja na watu kuhama.

Waakadia, wakulima wa asili ya Kifaransa, walipaita Grimross. Novemba 1758 jeshi la Uingereza chini ya Robert Monckton likapanda mto na kupachoma moto. Mwaka 1783 wakaja wakimbizi wengine, watu wa upande wa mfalme walioshindwa vita Marekani. Jina likabaki la Jenerali Thomas Gage, mmoja wa waliogawiwa ardhi hapo.

Mjumbe mmoja aliuliza vifaru vya jeshi viko wapi. Tulicheka, lakini swali lilikuwa na mantiki: miaka ya 1950 serikali ilitwaa ardhi kubwa ya jirani kwa ajili ya kambi ya jeshi, vijiji vikahamishwa, na kambi ikachukua jina la Gagetown ingawa makao yake yako Oromocto. Tangu Januari 2023 kijiji kimeunganishwa na Cambridge-Narrows, na kiserikali sasa ni Arcadia.

Tulikaa zaidi kwenye nyumba alimozaliwa Samuel Leonard Tilley, mmoja wa waasisi wa Kanada, mwaka 1818. Husimuliwa kwamba ndiye aliyechota cheo cha kwanza cha Kanada, Dominion, yaani enzi, kutoka Zaburi ya 72. Mzee wetu mmoja akaisoma papo hapo: "Na awe na enzi toka bahari hata bahari, toka Mto hata miisho ya dunia." Wakanada wameshika bahari, wakaiweka hata kwenye nembo ya nchi. Sisi siku ile, maji yakiwa hatua chache, tulibaki na Mto.

Safari ijayo tusipange Aprili wala mwanzoni mwa Mei. Theluji ikiyeyuka mto huu hupanda. 2018 na 2019 ulifurika vibaya. Mapendekezo ya tarehe mpeni katibu.

Mwenyekiti