Mbona tunakusumbua na magunia mawili

Wiki jana mama mmoja wa floo ya nne hapa Umoja, Nairobi, mtaa ambao sisi vijana tunazoa taka, alinisimamisha kwa ngazi akaniuliza, "Kijana, mimi nitenganishe taka halafu nyinyi mkazichanganye kwa lori, si ni kunichezea?" Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba zamani tulikuwa tunachanganya, tena sana.

Siku hizi ukiona lori letu lina magunia yananing'inia pembeni ujue hayo si urembo, moja ni la chupa za maji na soda, lingine mitungi ya mafuta na sabuni, lingine kadibodi, na hapo ndipo pesa ya vijana inatoka. Wanunuzi wa Kariobangi wanapima kwa kilo, na mtu akitia mkono akakuta kadibodi imelowa supu ya maharagwe anakurudishia papo hapo, hata habishani. Pampasi moja ikipasukia kwa makaratasi basi gunia zima linaenda jaa la Dandora. Na hilo jaa lilitangazwa limejaa tangu 2001, bado tunapiga foleni huko, na mvua ikinyesha lori linakwama kwa matope mpaka giza linaingia, halafu keateka, yule msimamizi wa jengo, anapiga simu, mbona hamjafika?

Kwa hivyo gunia moja ni la mbichi: maganda ya viazi, majani chai, ugali uliolala. La pili ni kavu. Chupa mwaga kilichobaki na uikanyage, usihangaike kuiosha na sabuni, maji yenyewe ya mgao tunayajua. Pampasi na pedi zifungie kivyake, na tafadhali mwambie dada wa kazi pia manake mara nyingi ndiye anashusha taka, si wewe. Glasi iliyovunjika funga na gazeti uweke juu, kuna kijana wetu alichanwa kiganja akakaa nyumbani wiki mbili.

Na si sisi tumejitungia, tangu 2022 kuna sheria ya nchi inayotaka utenganishe.

Mbichi tunachukua Jumanne na Ijumaa, kavu Jumamosi asubuhi. Bei ni ile ile. Magunia yako kwa keateka, yakijaa tunabeba tunakuachia matupu. Yule mama wa floo ya nne alianza Jumamosi, gunia lake limefungwa kamba fundo mbili, na juu ameweka trei za mayai zimepangwa kama za dukani.