Kwa binti wa kaka yangu, aliyepangwa kukimbia wa tatu

Mwanangu,

Baba yako ameniambia kwamba mwalimu wa michezo amekupanga ukimbie wa tatu katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara 4, na kwamba umeona heri ujitoe kuliko kukosa nafasi ya kumalizia. Nakujibu hadharani kwa sababu wasichana wengi wa hapa Tanga wanaamini kama wewe, kwamba anayemaliza ndiye mkimbiaji na wenziwe ni wabeba kijiti tu.

Itazame fainali ya wanawake ya mashindano ya dunia ya riadha ya ndani, Glasgow, Machi 2024. Uholanzi ilishinda kwa dakika 3 na sekunde 25.07, Marekani ikafuata nyuma kwa sekunde 0.27, na Uingereza ikawa ya tatu. Anayetajwa zaidi ni Femke Bol, aliyemalizia, naye anastahili, kwani siku moja kabla alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 400 za ndani kwa sekunde 49.17. Lakini kwa pengo dogo namna ile, kama Lieke Klaver, Cathelijn Peeters au Lisanne de Witte angelegea kidogo tu wakati wa kukabidhi, dhahabu ingeweza kwenda kwingine.

Mzunguko wa uwanja wa ndani ni mita 200 tu, na kona zake ni kali, zimeinuliwa upande wa nje, hivyo anayetaka kumpita mwenzake kwenye kona hulazimika kukimbia njia ndefu zaidi. Tena wanaosubiri kijiti hupangwa kwa kufuata nafasi za wenzao walio mbioni, anayeongoza akiwekewa mwenzake upande wa ndani kabisa, na wakishapangwa hawaruhusiwi kubadilishana. Maana yake ni kwamba mahali atakaposimama wa mwisho hupatikana kwa miguu ya wa tatu.

Kona za uwanja wenu wa nyasi ni pana zaidi, najua. Hata hivyo, wa mwisho hupokea tu, ilhali wewe utapokea katika msongamano, kisha ukabidhi ukiwa umeishiwa pumzi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nne. Mwalimu hakukudharau.

Nenda ukamwambie kwamba umekubali, kisha umwombe awape wewe na mmaliziaji mazoezi ya kukabidhiana baada ya kukimbia, mkiwa mmechoka kweli, mmaliziaji akigeuka kukutazama na kuupima mwendo wako kabla ya kuondoka.

Shangazi yako,
Tanga