Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: malindo ya Ruvuma yatangazwe

Mheshimiwa Waziri,

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na ngome za kabla ya 1863. Vilivyojengwa baadaye vinasubiri tangazo la waziri mwenye dhamana. Hivyo magofu ya Kilwa Kisiwani yana ulinzi, na yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Lindo, yaani handaki la walinzi wa wakati wa vita vya uhuru wa Msumbiji, lililo ukingoni mwa bonde la mto Ruvuma, likifukiwa kupandwa mikorosho, nani ataulizwa?

Sisi wa Newala tunaishi ukingoni hapo. Ukisimama Shimo la Mungu, bonde liko chini yako na Msumbiji iko mbele ya macho. FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964, na makubaliano ya Lusaka yakatiwa saini Septemba 1974. Miaka yote hiyo wanaume wa huku walikaa lindo wakitazama ng'ambo. Wapiganaji waliofunzwa Nachingwea walipita kwenda mstari wa mbele, wakimbizi wakavuka kuja kwetu, na vijiji vya mpakani vikashambuliwa. Wazee waliojificha mahandakini bado tunao, lakini kila mwaka tunazika.

Najua malindo hayo hayapendezi kama boma la Mikindani. Mengine ni shimo tu lililoota nyasi. Lakini ukiingia ndani yake unaona kivuko kile kile alichokiona mlinzi, na unaelewa kwa nini alipachagua. Hilo haliwezi kuhamishiwa kwenye kabati la makumbusho. (Lindi nako wana Mahiwa, walikopigana Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, Oktoba 1917, Waafrika wengi walifia pale, nako kunastahili kukaguliwa.)

Ninachoomba ni hiki. Maofisa wa Mambo ya Kale waje kabla ya masika, wakae na wazee, watembee nao, waandike kila lindo liko wapi na nani alikaa hapo. Wanajeshi wa JWTZ watangulie kukagua, maana milipuko ya zamani bado inaua. Mengi yamo ndani ya mashamba ya watu, kwa hiyo wenye mashamba washirikishwe tangu siku ya kwanza wala wasinyang'anywe ardhi. Hatua chache kuzunguka shimo zinatosha. Kisha, Mheshimiwa, yatangaze katika Gazeti la Serikali. Mamlaka hayo unayo tayari.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa Newala, Mtwara